Asiyekuwapo na lake halipo: kura na mfanyabiashara wa mpakani

KIGALI — Tarehe 15 Julai 2024 Wanyarwanda walimchagua Rais na wabunge kwa siku moja. Kati ya wapigakura zaidi ya milioni 9 walioandikishwa, Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kuwa asilimia 98.20 walijitokeza. Nchi nyingi za Jumuiya ziko mbali na kiwango hicho. Kenya, Agosti 2022, ilipata kama asilimia 65. Uganda, Januari 2021, ilikuwa chini ya asilimia 60. Tanzania, Oktoba 2020, ilipata karibu asilimia 51. Na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Desemba 2023, haikufika hata nusu: kama asilimia 43.

Kwa mtu anayekaa mahali pamoja, tarakimu hizi ni habari ya siku moja. Kwa mfanyabiashara anayepakia mzigo Nyabugogo, akavuka Gatuna kwenda Kampala, Rusumo kwenda Kahama, au Rubavu kwenda Goma, zina uzito mwingine. Yeye anazipita nchi hizi kama mtu apitavyo vyumba vya nyumba moja, na katika kila chumba kuna mtu aliyechaguliwa ambaye anaamua ushuru wa soko, ada ya maegesho, kibali cha mahindi na saa ya kufunga mpaka. Mtu huyo alichaguliwa na nani? Na wale ambao hawakufika kituoni walikuwa akina nani?

Jibu la swali hilo la pili ndilo linaloeleza kwa nini wafanyabiashara wadogo wa mipakani, walio wengi kiasi hicho, husikika kidogo kiasi hicho.

Foleni si mji

Chukua mfano wa mji mdogo wenye wapigakura 1,000. Mia sita ni wakulima, walimu na wenye maduka wanaolala hapohapo kila siku. Mia nne ni wachuuzi, madereva na wapagazi ambao wiki moja wako nyumbani, wiki mbili wako njiani. Siku ya kura, wale wa kwanza wanajitokeza kwa asilimia 80: watu 480. Wale wa safari wanajitokeza kwa asilimia 30: watu 120. Foleni nzima ni watu 600, na wasafiri ndani yake ni 120 tu. Watu ambao ni 4 katika kila 10 wa mji wamekuwa 2 katika kila 10 wa foleni.

Hakuna aliyeiba kura. Hakuna aliyezuiwa mlangoni. Lakini mgombea mwenye akili hahesabu wakazi wa mji, anahesabu foleni. Akitaka kujua aahidi nini, ataahidi kisima, darasa na mbolea kabla ya kuahidi choo cha mpakani au ghala la kulaza mzigo. Miaka mitano baadaye mchuuzi atasema viongozi hawamjali, hataona sababu ya kukatisha safari ili arudi kupiga kura, na idadi yake kwenye foleni itapungua tena.

Jambo hili limepimwa mahali pengine. Australia ilipitisha sheria ya kura ya lazima mwaka 1924. Katika uchaguzi mkuu wa 1922 walikuwa wamejitokeza chini ya asilimia 60. Katika ule wa 1925 walizidi asilimia 91. Utafiti wa Anthony Fowler, uliotoka mwaka 2013, uliangalia majimbo ya nchi hiyo yalivyoingia kwenye kura ya lazima kwa nyakati tofauti, ukaona kuwa chama cha wafanyakazi kiliongeza kura kwa asilimia 7 hadi 10, na kwamba matumizi ya serikali kwa pensheni za wazee yalipanda. Walioongezeka kwenye foleni walikuwa watu wa kipato cha chini, na bajeti iliwafuata.

Nchini Brazil kizuizi kilikuwa karatasi yenyewe. Mpigakura alitakiwa kuandika jina au namba ya mgombea, na kura nyingi za watu wasiosoma vizuri ziliharibika. Mashine za kielektroniki zenye namba na picha zilipoletwa katika miaka ya 1990, kura zilizokuwa zikiharibika zikaanza kuhesabiwa. Mchumi Thomas Fujiwara, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, alionyesha kuwa badiliko hilo lilikuwa kama kuwapa haki ya kura zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi, wengi wao maskini. Baadaye matumizi ya afya ya umma yaliongezeka, na watoto wachache zaidi wa akina mama wasiosoma walizaliwa na uzito mdogo.

Afrika ina sura yake. Huku si kweli kwamba tajiri ndiye anayepiga kura na maskini ndiye anayebaki nyumbani. Tafiti za maoni ya umma katika nchi nyingi za bara hili zimeonyesha kuwa watu wa vijijini hujitokeza zaidi kuliko wa mijini, na wazee zaidi kuliko vijana. Anayekosekana kwenye foleni zetu, mara nyingi, ni kijana, ni mtu wa mjini, ni mpangaji, ni mtu anayehamahama kutafuta riziki. Kwa maneno mengine, ni mtu anayefanana sana na mfanyabiashara wa mpakani.

Wapo wataalamu wanaopinga wasiwasi huu. Wanasema ukiwauliza wasiopiga kura maoni yao, mara nyingi utakuta hayatofautiani sana na ya wanaopiga, kwa hiyo hata wangekuja wote, mshindi angekuwa yuleyule. Hoja hiyo ina nguvu ikiwa swali ni chama gani kishinde. Lakini mfanyabiashara wa mpakani hana chama chake. Ana mambo yake: mizani, vibali, ada, foleni ya malori, polisi wa njiani, kiwango cha kubadilisha fedha. Mambo hayo hayaamui nani awe rais. Yanaamuliwa na uzito wa kundi machoni mwa yeyote aliyeshinda.

Mombasa na Bomet

Kenya inatoa mfano ambao kila mwenye kontena njiani anaweza kuuelewa. Katika uchaguzi wa 9 Agosti 2022, William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura kama 233,000. Kaunti ya Bomet, yenye mashamba ya chai na mahindi, ilijitokeza kwa karibu asilimia 80. Kaunti ya Mombasa, penye bandari inayopitisha mizigo ya Kampala, Kigali na Goma, haikufika nusu. Mombasa ilikuwa na wapigakura walioandikishwa zaidi ya 640,000. Maana yake ni kwamba waliobaki nyumbani katika kaunti hiyo moja walizidi 300,000, wengi kuliko tofauti ya kura kati ya wagombea wawili wa urais.

Wangempigia nani, hakuna anayejua, na huenda mshindi asingebadilika. Lakini uzito wa kaunti ulipungua. Sauti ya mji wa bandari iliingia kwenye hesabu ya taifa ikiwa chini ya nusu, na sauti ya shamba la chai ikiwa karibu nzima.

Jinsi maamuzi ya bandari hiyo yanavyotegemea siasa, wafanyabiashara wa Kigali wanajua. Mwaka 2019 serikali ya Kenya iliagiza mizigo ipelekwe kwa reli mpya hadi bandari kavu, na wenye malori na mawakala wa forodha wa Mombasa wakaandamana. Ruto aliahidi katika kampeni kurudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa, na siku ya kuapishwa kwake, 13 Septemba 2022, akatangaza kuwa agizo hilo linafutwa. Gharama ya kontena la mfanyabiashara wa Nyarugenge ilijadiliwa katika kampeni ambayo yeye hakuwa na kura, na katika kaunti ambayo wenye kura wengi hawakuzitumia.

Upande wa vijana ni mzito zaidi. Katika daftari la Kenya la 2022, wenye umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini ya asilimia 40 ya wote walioandikishwa, na idadi yao ilishuka ukilinganisha na 2017, ingawa nchi ni ya vijana. Miaka miwili baadaye, Juni 2024, vijana hao ndio walioingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni waliingia katika jengo la Bunge, watu walipoteza maisha, maduka ya katikati ya Nairobi yalifungwa, na siku iliyofuata Rais akasema hatautia saini muswada huo.

Wafanyabiashara wenyewe walifanya jambo linalofanana na hilo mwaka 2024. Mwezi Aprili maduka ya katikati ya Kampala yalifungwa kwa kupinga mfumo wa risiti za kielektroniki wa EFRIS. Mwezi Juni wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka kulalamikia kodi na usumbufu wa ukusanyaji wake, kama walivyofanya Mei 2023. Mahali pote viongozi wakuu walikuja kuzungumza nao.

Kufunga duka ni silaha, lakini ni ya mwenye duka. Mwanamke anayevusha ndoo mbili za nyanya Rubavu kila asubuhi hana mlango wa kufunga. Asipovuka leo, soko la Goma litanunua kwa mwingine, na jioni watoto wake watalala na njaa. Kwa mtu kama huyo, kura ingekuwa njia rahisi kuliko zote za kujihesabisha. Ndiyo maana kukosekana kwake kwenye daftari ni hasara kubwa kuliko ya mwenye duka.

Waliotaka kupiga wakakosa kituo

Si kila asiyepiga kura amechagua kubaki nyumbani. Mfano mkubwa kuliko yote katika kanda hii uko Kivu ya Kaskazini. Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kongo, tume ya uchaguzi ilitangaza kuwa Beni na Butembo hawatapiga kura tarehe 30 Desemba pamoja na wenzao, kwa sababu ya ugonjwa wa Ebola na ukosefu wa usalama. Wao watapiga Machi 2019. Rais mpya aliapishwa Januari 2019.

Beni na Butembo si vijiji vilivyosahaulika. Butembo inajulikana Afrika Mashariki yote kwa wafanyabiashara wake, wanaoleta bidhaa kutoka Dubai na China kupitia Mombasa na mpaka wa Kasindi. Wapigakura waliowekwa kando katika eneo hilo walizidi milioni moja. Matokeo yaliyotangazwa, ambayo Martin Fayulu aliyakataa na maaskofu wa Kanisa Katoliki wakasema hayalingani na taarifa za waangalizi wao, yalimpa Félix Tshisekedi ushindi kwa tofauti ya kura kama 684,000. Kwa hiyo eneo moja la wafanyabiashara, lenye kura nyingi kuliko tofauti hiyo, halikuhesabiwa kabisa. Siku ya uchaguzi wakazi wa Beni walijipanga foleni, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura za kuigiza ili kuonyesha kuwa ingewezekana.

Desemba 2023 hali ilijirudia kwa namna nyingine. Vita vilizuia kura katika maeneo ya Masisi na Rutshuru. Ndani ya Rutshuru kuna Bunagana, kituo cha forodha kati ya Kongo na Uganda, kilichokuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Juni 2022. Mtu aliyekuwa akiishi kwa biashara ya Bunagana alipoteza soko kwanza, kisha akapoteza kura ambayo angeitumia kudai soko lirudi.

Kwa nini mfanyabiashara anakosekana

Sababu ya kwanza ni mahali. Katika nchi nyingi za kanda mtu anapiga kura pale alipoandikishwa. Mganda aliyeandikishwa Kabale na anayeuza Kimironko lazima arudi Kabale. Mtanzania aliyeandikishwa Ngara lazima arudi Ngara. Kwa mwenye mshahara, siku ya kura ni mapumziko. Kwa mchuuzi, ni nauli ya kwenda na kurudi, siku mbili au tatu bila mauzo, na nyanya zinazooza. Yeye analipa kwa kura ileile ambayo mwenzake anaipata bure.

Sababu ya pili ni mpaka. Uganda na Tanzania hazina utaratibu wa kupiga kura kwa raia walio nje ya nchi. Kongo iliuanzisha mwaka 2023, lakini katika nchi tano tu: Ubelgiji, Ufaransa, Marekani, Kanada na Afrika Kusini. Mkongo wa Brussels alikuwa na kituo. Mkongo wa Kigali, Kampala au Bujumbura, ambaye anaweza kufika nyumbani kwa basi na ambaye biashara yake inategemea amani ya Kivu, hakuwa nacho.

Kenya imefanya zaidi. Mwaka 2013 na 2017 raia wake waliokuwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Burundi waliweza kupiga kura, na mwaka 2022 nchi zilifika 12. Hata hivyo walioandikishwa nje ya nchi mwaka huo walikuwa 10,443 tu. Tena Mkenya aliye nje anapiga kura ya rais peke yake. Gavana na mwakilishi wa wadi, ambao serikali yao ya kaunti inaweka ada ya soko na ushuru wa mazao barabarani, hawachagui. Amepewa kura ya ofisi iliyo mbali na mkoba wake, akanyimwa ya ofisi inayoingiza mkono ndani ya mkoba huo.

Sababu ya tatu ni hofu, na ina historia. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, barabara na reli kutoka Mombasa zilikatika, na Januari 2008 mafuta yakawa haba Kampala na Kigali. Januari 2021 intaneti ilizimwa Uganda kuanzia siku moja kabla ya kura, na kwa siku kadhaa waliotegemea simu kulipana wakakwama. Kwa hiyo mfanyabiashara mzoefu akisikia uchaguzi unakaribia hafikirii kituo cha kura. Anafikiria kununua mzigo mapema, kukusanya madeni na kukaa upande salama wa mpaka. Anajilinda na uchaguzi badala ya kuutumia.

Kinachotokea asipokuwapo

Haitakuwa haki kusema kila amri mbaya ya mpakani imetokana na nani alipiga kura. Lakini angalia ni nani aliyeumia, na kama alikuwa na namna ya kumwajibisha aliyeamua. Oktoba 2017 maofisa wa Tanzania waliteketeza vifaranga zaidi ya 6,000 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga. Machi 2021 mamlaka ya chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama njiani, na siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.5 kwa kilo, ili kulinda viwanda vya nguo.

Kila uamuzi ulikuwa na sababu zake, na baadhi ya sababu hizo ni nzuri: afya ya mifugo, usalama wa chakula, ajira za viwandani. Lakini katika kila mmoja, hasara kubwa iliangukia mtu wa aina moja, yule asiye na kura kabisa katika nchi iliyoamua, au mwenye kura lakini asiyeonekana kwenye foleni. Mkulima wa mahindi wa Kenya, ambaye bei yake hulindwa mahindi ya jirani yanapozuiwa, yeye hupiga kura, na wanasiasa wanamjua kwa wadi na kwa kijiji.

Somo la Rwanda, na mpaka wake

Rwanda inaonyesha kwamba kukosekana si majaaliwa. Vituo vya kura viko karibu na makazi. Kitambulisho cha taifa kinatosha. Kabla ya kufungwa kwa daftari, mpigakura aliweza kupiga *169# kwenye simu yake, akaona jina lake liko kituo gani na kukihamishia mahali atakapokuwa. Mchuuzi wa Musanze aliyejua kuwa siku ya kura atakuwa Kigali hakuhitaji kupanda basi. Walio nje ya nchi walipiga kura siku moja mapema, 14 Julai, wakawachagua rais na wabunge pia. Haya ni mambo ya mpangilio. Yanaweza kunakiliwa na tume yoyote yenye daftari la kielektroniki na mtandao wa simu.

Lakini kiwango cha waliojitokeza kinajibu swali moja tu: nani alikuja. Hakijibu alikuta nini kwenye karatasi. Mwaka 2024 Paul Kagame alipata asilimia 99.18, Frank Habineza 0.50 na Philippe Mpayimana 0.32. Victoire Ingabire na Diane Rwigara, waliotaka kugombea, hawakuwamo kwenye orodha. Wapo wanaosema mahudhurio makubwa yanatokana na moyo wa wananchi na kumbukumbu ya walikotoka, na wapo wanaosema ni vigumu kubaki nyumbani pale ambapo jirani na kiongozi wa mudugudu wanajua ni nani aliyekwenda. Vyovyote iwavyo, foleni iliyojaa huondoa tatizo la wasiofika. Kama matakwa yanatofautiana, hilo litaonekana tu pale palipo na mambo tofauti ya kuchagua.

Kuna jambo lingine la Rwanda linalomhusu mfanyabiashara. Katika viti 80 vya Baraza la Wabunge, 24 vimetengwa kwa wanawake, 2 kwa vijana na 1 kwa watu wenye ulemavu, na wanaovijaza huchaguliwa na vyombo maalumu. Fikra iliyomo ni kwamba baadhi ya makundi hayawezi kutegemea foleni ya kawaida pekee. Wafanyabiashara wadogo wa mipakani hawana kiti cha namna hiyo katika nchi yoyote ya Jumuiya.

Hata Arusha hawana. Bunge la Afrika Mashariki lina wabunge 9 kutoka kila nchi, na wanachaguliwa na bunge la nchi yao, si na wananchi. Hata hivyo moja ya nafuu kubwa alizowahi kupata mchuuzi ilitoka kwenye Jumuiya: utaratibu rahisi unaoruhusu mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 kupewa cheti cha uasilia palepale mpakani. Nafuu hiyo ililetwa na maofisa na mikutano ya mawaziri. Yaliyoletwa na maofisa yanaweza kuondolewa na maofisa, na mchuuzi hatakuwa na mtu wa kumnyima kura.

Kalenda ya uchaguzi

Tanzania ilizindua uboreshaji wa daftari la kudumu la wapigakura Kigoma tarehe 20 Julai 2024, na kazi ikaenda mkoa kwa mkoa kuelekea uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025. Kila mkoa ulipewa siku chache tu. Mtanzania aliyeuza Kigali na aliyeandikishwa mahali asipoishi tena aliweza kuhamisha taarifa zake zamu ya mkoa wake ilipofika, lakini ilimlazimu aijue tarehe kabla haijapita. Kabla ya hapo, mwaka 2024, kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, unaowaweka madarakani viongozi anaokutana nao kila siku kijijini na mtaani.

Uchaguzi mkuu wa Uganda ulipangwa kufanyika mwanzoni mwa 2026. Uchaguzi wa Kenya umepangwa Agosti 2027, na tume yake ilikaa bila makamishna tangu mwanzoni mwa 2023 hadi 2025. Mpaka walipopatikana, maombi ya vituo zaidi vya kujiandikisha katika nchi jirani hayakuwa na wa kuyaamua.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani, ambavyo vipo Rubavu, Busia, Namanga na kwingineko, hukutana na maofisa wa forodha mara kwa mara kuzungumzia ada na vizuizi. Ajenda hiyo inaweza kuongezewa mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni vituo vya kuandikisha na kupigia kura karibu na vituo vya pamoja vya mpakani, kwa raia wa nchi husika. La pili ni ruhusa ya kuhamisha kituo kwa simu, kama ilivyo Rwanda. La tatu ni kura ya mabalozini katika nchi zote za Jumuiya, kwa sababu si sahihi Mkongo wa Paris awe na kituo na wa Kigali akose.

Vyama hivyo vina orodha za wanachama wao. Huenda bado havijui ni wangapi kati yao walioandikishwa, wapi, na wangapi walipiga kura mara ya mwisho. Chama kikienda kwa mbunge na hesabu hiyo mkononi, kitakuwa kimempelekea foleni.